"Nilidhani utasimama"

Tangu Jumanne namjibu yule kijana kichwani. Namjibu nikiosha vyombo, namjibu nikihesabu vidonge dukani, hadi juzi mteja akaniuliza, "Dada, unaongea na mimi?" Wiki hii mdogo wangu katolewa mahari, dukani tumeletewa msimamizi mpya, na Alhamisi mvua ikafunga Jangwani nikafika nyumbani saa nne usiku. Hayo yatasubiri. Leo ni la huyo kijana wa Mwembechai tu.

Nilikuwa nakwenda kazini na Mjapani wangu (kwa wageni: ni baiskeli ya mtumba, ina kikapu mbele, Baba Neema haipendi). Nimeshaingia Morogoro Road kutokea Shekilango, nimo kwenye njia ya baiskeli, ile iliyojengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi, jiji letu la Dar likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018. Njia ni nzuri pale inapoonekana. Kwingine kuna meza ya mihogo, kuna bodaboda wanaosubiri abiria, kuna gari limepandisha matairi mawili juu, nawe unapita kwa kujipindapinda. Lakini kazi yenyewe iko kwenye midomo ya mitaa. Kila mtaa unaoingia ndani, jua hapo kuna mtu atakata kona.

Basi gari dogo jeupe likanipita, na hapohapo likakata kushoto mbele yangu. Nikabana breki zote mbili, mguu chini, hotpoti ikaruka kutoka kwenye kikapu. Kwa kawaida angekuwa keshaenda zake. Bahati nzuri au mbaya, guta la maji lilikuwa limekwama mbele yake, akasimama. Nikalifikia dirisha, nikagonga kioo.

Akashusha. Kijana, shati limenyooka, redioni wanasoma magazeti. Akanitazama usoni, akasema, "Samahani sana, mama yangu. Nilidhani utasimama."

Nikasema, "Haya."

Kioo kikapanda, guta likasogea, akaondoka.

Makonda wananitukana kila siku na wala silali na tusi hata moja. "We mama, hii barabara ya baba yako?" Namrudishia, "Ya babu yako, kanirithisha!" Anacheka, abiria wanacheka, kesho tunaonana tena. Wenye magari ya vioo juu nao wana neno lao, "sikukuona," na hilo nimelizoea, maana asiyekuona utamdai nini? Huyu aliniona. Aliniona vizuri kwenye kioo cha pembeni, akapiga hesabu ya mwendo wangu na breki zangu, akapata jibu. Na jibu lilikuwa sahihi, nilisimama! Hapo ndipo panaponiuma. Kijana anaijua Dar, anajua mwenye baiskeli husimama. Kesho atamkatia mwingine, na ile samahani anayo tayari mdomoni, yenye adabu zote za mtoto aliyelelewa.

Majibu nimeshatunga mengi. Kuna fupi, "Na nisingesimama?" Kuna la kimama, "Mwanangu, na mimi nilidhani hivyohivyo juu yako." Kuna refu lenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndani yake, hilo nililitunga saa nane usiku kwa sauti kidogo, mpaka Baba Neema akageuka: "Mama Neema, uza hiyo baiskeli tulale."

Leo mchana akaja Shemeji Side. Mnamjua, wa daladala, siku hizi anapiga deiwaka (anashikia gari za wenzake kwa siku) baada ya kukosana na tajiri wake juu ya hesabu. Nikamsimulia nikitegemea kicheko, maana Side na waendesha baiskeli ni paka na panya. Hakucheka. Akaanza maswali ya kidereva: nyuma ya hilo gari kulikuwa na nini? Bodaboda walikuwa upande gani?

"Shemeji," akasema, "ukikata kona pale huwezi kumwangalia kila mtu. Ukisita, wa nyuma anakuingia. Kwa hiyo kila mmoja unampangia lake: huyu atakimbia, huyu atarudi nyuma. Baiskeli tunampangia kusimama. Sasa siku asiposimama..." Akakata tonge, akalishika tu.

Kumbe kuna alfajiri moja, akitokea Pugu, muuza mkaa hakusimama. Hakuwa na taa, na kwa magunia yale kwenye mteremko asingeweza kusimama hata angetaka. Walikoswakoswa kwa upana wa kiganja. Muuza mkaa akaendelea kushuka, pengine hata hakujua. Side ndiye aliyeegesha pembeni, abiria wakimfokea kwamba wanachelewa. Hajawahi kutuambia, hata mkewe alikuwa anaisikia leo.

"Sasa hivi nikimwona mtu wa mkaa nampigia honi moja, fupi, tena kutoka mbali. Si ya kumfukuza. Namwambia tu niko nyuma yako, we endelea."

Honi moja fupi! Karibu na Urafiki kuna Coaster hunipigia hiyohiyo asubuhi, nami humjibu kwa msonyo. Nikabaki na kijiko hewani. Inawezekana yule ni mpiga honi kama wapiga honi wengine, sina ushahidi wowote, lakini kuna raha fulani ya kijinga imeniingia na najikuta naisubiri Jumatatu nimsikilize vizuri. Nikamuuliza Side utaitofautishaje na honi ya matusi. Akasema ya matusi ni ndefu na inakuja imechelewa.

Halafu, akinawa mikono, akaniharibia tena: "Ila huyo kijana, sekunde tatu zilimshinda nini?" Na hilo nimeliongeza kwenye majibu.

Ningeendelea, ila simu ya mama huko Korogwe inaita mpaka inakata tangu Ijumaa. Jirani anasema kamwona akienda kisimani. Kwa goti lile, kisimani kufanya nini, na maji ya bomba yako uani? Kaka anasema nimeanza wasiwasi wangu. Yeye mwenyewe hajapiga.