Nje wapi

Leo siku ya nne na hili neno bado linanizunguka, acha niliandike labda litatulia.

Jumanne jioni mwanangu mkubwa alikuwa mezani na insha yake, wameambiwa walinganishe shairi na hadithi fupi, kifo kimeonyeshwaje, akachukua Utendi wa Mwana Kupona (kile kitabu cha mama, kile kilichotoka jalada) na ile hadithi ya Kate Chopin ya mke mwenye ugonjwa wa moyo anayeletewa habari kwamba mumewe kafa kwenye ajali ya treni. Mi nilikuwa napiga pasi. Akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Mama, bibi alivyofariki ilikuwa kama ya hadithi au kama ya shairi?"

Nikamwambia, "Sikuwepo."

Akanyamaza kidogo. "Si ulikuwa naye hospitali?"

"Nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

Nikamwambia amalize akalale, kesho shule.

Ndo hayo tu. Tangu siku hiyo kaka mdogo kafunga ndoa na ofisini tumehamia jengo jipya, na mimi kote huko nimetembea na "nje wapi", kwenye picha za harusi nacheka lakini nikijiangalia najua nilikuwa nawaza nini. Na hakuuliza kwa ubaya, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua kitu kiko wapi.

Koridoni. Nilikuwa koridoni naongea na simu na kaka mkubwa, tunapanga nani atanipokea zamu usiku ule, dakika tano, labda sita, na niliporudi nesi alikuwa keshavuta pazia. Nyie mnaonisoma tangu zamani mnajua ule mwaka wote wa mama, niliuandika hapa karibu kila wiki, ila hili sikuwahi kuliandika. Niliandika "tulikuwa naye mpaka mwisho", ile "tu" ikanisitiri.

Usiku ule wa Jumanne baada ya wote kulala nikaichukua ile hadithi nikaisoma, nikarudia, nikarudia tena, nadhani nilikuwa natafuta mtu aliyekuwepo. Ilitoka 1894 na ni fupi kweli, kurasa tatu hivi. Dada mtu anamvunjia habari polepole kwa sababu ya moyo wake, mke analia, anapanda chumbani, anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha, nje ni majira ya kuchipua, mvua imetoka kunyesha, na pale pale kwenye msiba kitu kinamjia mpaka anajikuta ananong'ona kwamba yuko huru. Halafu anashuka ngazi, mlango unafunguliwa, mume huyo hapo, hata kwenye ajali hakuwepo wala hakujua kama imetokea. Na mke ndo anakufa. Nikasoma pia kwamba baba yake Kate mwenyewe alikufa kwenye ajali ya treni mwaka 1855, mtoto ana miaka mitano, na mi tangu hapo siwezi kuusoma ule mlango unaofunguliwa bila kumfikiria yule mtoto. Nikalala nimeumia zaidi.

Alhamisi mkubwa akanipa insha nimsomee kama kuna makosa. Sasa huyu mtoto kaandika hivi, nanakili alivyoandika: "Kwenye hadithi hatumwoni mke akifa. Mtu mmoja anajaribu kumkinga mume asionekane, halafu sentensi inayofuata madaktari wameshafika. Wanasema amekufa kwa furaha na wamekosea."

Nikaenda kuangalia na kweli. Haipo! Nimeisoma mara tatu usiku mzima natafuta ile dakika na kumbe mwandishi mwenyewe kairuka. Tunaletewa maiti na maelezo ya daktari, na waliokuwa wamesimama pale pale chini ya ngazi wote hawakujua kilichomuua, anajua msomaji peke yake kwa sababu yeye alikuwa juu chumbani naye ile saa nzima kabla.

Na kwenye utendi pia haipo, ila huko ni kwa namna nyingine kabisa. Mwana Kupona aliuandika 1858, mgonjwa, anasema mwenyewe maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, na alifariki miaka kama miwili baadaye. Halii kifo, hakisimulii, anamwita binti yake asogee, aje na wino na karatasi, halafu ni wasia ubeti baada ya ubeti, ishi hivi, sema na watu hivi, mwishoni anaomba dua. Kifo ndo sababu ya kuharakisha maneno, basi. Mkubwa kapigia mstari pale anaposema "moyoni nina hadithi, nimependa kukwambia", pembeni kaandika kwa penseli: shairi nalo linasema ni hadithi.

Hapo nikakaa chini. Kwa sababu karatasi zangu ninazo. Mama sauti ilipoanza kukata alikuwa ananiambia njoo karibu, naandika nyuma ya kurasa za kalenda kwa kuwa ndo zilizokuwa karibu: cherehani isiuzwe, shangazi asamehewe lile deni, huyu mkubwa msimharakishe ni mtoto wa kufikiri. Mwaka mzima. Nilikuwepo mwaka mzima jamani, nikakosa dakika sita, na nimekuwa najihesabia zile sita.

Mi naona utendi unanishika kuliko hadithi, ingawa hadithi imesukwa vizuri kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka huu. Chopin alikuwa anabuni. Yule mama alikuwa anaaga kweli.

Jana nikamwambia mkubwa, "Nilikuwa koridoni, naongea na mjomba wako." Akasema, "Sawa mama," akaja kunisaidia kukunja mashuka.

Kitu kingine, mdogo wake wiki hii nimemwona anasoma kitabu kakisogeza mpaka karibu kigonge pua, na jana mezani alinikunjia macho kama ananitafuta. Itakuwa macho. Mwalimu alishaniambia muhula uliopita nimpeleke akapimwe, mi nikasema nitampeleka.