Kuchora maua mvua zinapoanza

Masomo mengi ya kuchora maua yameandikwa na watu wenye majira ya machipuko: baridi imekwisha, tulipu zinachomoza. Uganda mwaka haugawanyiki hivyo. Kusini na kati ya nchi tuna mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na anayetaka maua ya kuchora afuate mvua.

Mbuni, yaani mti wa kahawa, ndio wenye masharti makali. Matumba yake hulala wakati wote wa kiangazi. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, subiri wiki moja hivi, pengine zaidi kidogo, na shamba zima la Masaka au Mukono litafunguka kwa pamoja, jeupe, lenye harufu inayokaribia asmini. Baada ya siku mbili tatu petali zinakuwa kahawia. Basi andaa karatasi siku mvua inaponyesha. Ukingoja harufu ikufikie, umeshachelewa.

Ua la mbuni ni jeupe, na hapo ndipo wengi huharibu. Kwa rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Chora kwa penseli nyepesi vishada vinavyobana kwenye vifundo vya tawi, pale majani yanapoota, kisha paka majani na kuzunguka maua bila kuyagusa. Jani la mbuni ni kijani kizito, linang'aa, na kingo zake zina mawimbi. Likiwa jepesi mno, ua halionekani. Kivuli ndani ya petali kipate bluu ya altramarini iliyopozwa kwa kahawia ya udongo, maji mengi, rangi kidogo sana. Ukitumia nyeusi ya kopo, ua litaonekana chafu.

Kifabakazi, mti wa maua ya nyekundu ya chungwa, unataka kinyume chake. Kabla ya kupaka, tazama kichala kwa karibu: matumba yamejikunja kuelekea katikati, yale ya nje hufunguka kwanza, na kila ua limetoka kwenye ganda la kahawia lililopasuka upande mmoja. Ukingo wa petali umekunjamana na una mstari mwembamba wa njano. Kwa hiyo anza na njano ua zima, acha ikauke kabisa, ndipo uweke nyekundu ya chungwa juu yake ukiuacha ule ukingo. Ukianza na nyekundu, njano hairudi. Wala usitafute mwanga kwa kuongeza nyeupe, maana nyekundu hugeuka waridi na ua zima hupoa.

Mjakaranda, kwa maoni yetu, watu wanaupenda kuliko wanavyoutazama. Zambarau yake haitoki kwa kila nyekundu. Nyekundu inayoelekea chungwa ina njano ndani, na njano ikikutana na bluu na nyekundu unapata matope. Tumia nyekundu inayoelekea waridi pamoja na altramarini. Usichore ua mojamoja juu ya mti. Paka mafungu ya rangi, uache matundu ya anga, kisha onyesha maua machache tu yenye umbo la tarumbeta kwenye tawi lililo karibu.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, iliyobandikwa ubaoni kwa tepu pande zote nne. Nyepesi zaidi hujikunja ikilowa. Msimu wa mvua hewa ina unyevu, na rangi hukauka polepole kuliko video za watu wa nchi zenye hewa kavu zinavyoonyesha. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa baridi, bado ina maji, hata kama haing'ai. Ukiweka brashi yenye maji mengi hapo, maji husukuma rangi na kuacha doa lenye kingo zilizochanika.

Jua nalo lina mambo yake. Karibu na 21 Machi na 23 Septemba, adhuhuri hupita utosini, vivuli huanguka chini ya mti na maua hukosa umbo. Chora kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Mvua ikikufukuza, piga picha, lakini usiiamini rangi yake: kamera nyingi za simu huivuta zambarau kuelekea bluu. Kabla hujakimbia, paka vipande vitatu vya rangi pembeni mwa karatasi, petali kwenye jua, petali kivulini, na jani, na uandike kila kimoja umekichanganyaje.