Ndege ya Kikantoni iliyopaa bila mzigo

Nilikuwa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambako wafanyabiashara wengi kutoka Afrika hununua bidhaa, nikimsubiri muuza vitenge aliyeahidi kufika saa nne asubuhi. Ilipotimu saa nane, mama mwenye ghala alicheka, akasema kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou: "fong fei gei". Kwa kuwa nilijua kwamba "fei gei" ni ndege na "fong" ni kuachilia, nilimpigia simu dada yangu mkubwa huko Lubumbashi, nchini Kongo, ambaye kwetu tunamwita yaya, nikamtangazia kwa furaha kwamba mzigo umekwisha kupaa. Kumbe "kuachilia ndege" ni kuweka miadi na mtu kisha usitokee, yaani kumwacha kwenye mataa. (Msomaji asibadilishe kitenzi hicho akasema "kupiga ndege", kwani atakuwa ametamka jambo lisilosemwa mbele ya wakwe.)

Tangu siku hiyo nilianza kuandika misemo ya Kikantoni daftarini, nikaona kwamba mingi inatoka jikoni. Anayekataliwa na msichana "amekula limau". Anayebebeshwa kosa la mwenzake, ambaye sisi tungesema ameangushiwa jumba bovu, "amekula paka mfu". Wanaozungumza kwa simu mpaka usiku wa manane "wanachemsha uji wa simu", na huo naupenda sana, maana uji wa mchele wa kule hupikwa taratibu mpaka punje zinapoteza umbo.

Ulionisumbua ni "kukaanga ngisi", yaani kufukuzwa kazi, kwa sababu kwetu, ambako bukari, yaani ugali, huliwa kwa samaki wa maziwa na mito, ngisi ni mnyama wa kamusini tu. Huelezwa kwamba zamani vibarua walilala kwa tajiri wao na matandiko yao wenyewe, na aliyeachishwa aliyakunja akaondoka. Kipande cha ngisi nacho, kikiingia katika mafuta ya moto, hujikunja vivyo hivyo. Waswahili husema "kumwaga unga", lakini nakiri kwamba picha ya Wakantoni ni kali zaidi: yetu inaonyesha njaa itakayofuata, yao inamwonyesha mtu mwenyewe akitoka mlangoni na mkeka kwapani.

Vitenge vilifika baadaye sana. Yaya hakunisamehe upesi, ila msemo aliuchukua: juzi fundi cherehani wa Kamalondo, kule kule Lubumbashi, aliposhindwa kuleta gauni la harusi, alikaa kizingitini, akatazama juu, akauliza ndege hiyo itatua lini.