Jina lake limeingia kwenye ramani

Leo tumehakiki mipaka ya nyumba kwenye makazi yasiyo rasmi, na mpaka sasa moyo umejaa.

Kwa wasioijua kazi hii: droni hupiga picha za eneo lote, tunazichapisha kwenye karatasi kubwa, kisha wakazi wenyewe wanachora mipaka yao huku majirani wakishuhudia. GPS ya simu peke yake haitoshi. Inaweza kukosea mita kadhaa, na uchochoro wenyewe haufiki hata mita 2!

Mama mmoja mjane aliinama juu ya picha, akatafuta, akaweka kidole kwenye paa lake.

Jirani wa kushoto akasema ndiyo. Wa kulia akasema ndiyo.

Tukaandika jina lake. Si la marehemu mumewe, si la shemeji. Lake.

Akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akaomba tena, safari hii akamwita binti yake aje asikie.

Tunatumia STDM, programu huria ya kompyuta iliyotoka UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Inasajili uhusiano wa mtu na ardhi hata kama hana hati, hata kama ni mpangaji. Haimpi mtu hatimiliki, na hilo nalisema wazi kila nyumba. Ila siku ya kupanga barabara au fidia, kumbukumbu zipo.

Ubishi mkubwa leo ulikuwa wapangaji: waandikwe au wasiandikwe? Wenye nyumba wengine walikataa kabisa. Mimi nasema waandikwe, wao ndio hutolewa kwanza.

Ninyi mnaonaje?