Siku Moja Katika Wiki ya Sita ya Kumsomesha Binti Yangu Nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuamka, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayenihitaji. Februari hapa Voi, Kenya, ni mwezi wa joto kali, na ule ubaridi kidogo wa kabla ya jua kuchomoza ni neema ambayo sipendi kuipoteza kitandani. Nasoma sura moja ya Biblia, naomba, kisha nafungua vijitabu ambavyo binti yangu atavifanyia kazi leo ili nivipitie kabla yake. Mwanzoni sikufanya hivyo. Niliamini kwamba kwa kuwa mtaala huu umeandikwa ili mtoto ajifundishe kwa sehemu kubwa, kazi yangu ingekuwa kukaa karibu naye huku nikishona. Lakini wiki ya kwanza haikwisha kabla sijagundua kwamba mzazi asiyejua kilicho kwenye ukurasa wa kumi na mbili hawezi kujua kwa nini mtoto amekwama hapo tangu asubuhi.

Binti yangu ana miaka tisa, naye ndiye kifungua mimba wetu. Mtaala tunaoutumia ni ule wa Kikristo wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970, na wengi wetu tunauita ACE. Badala ya kitabu kimoja kinene cha mwaka mzima, kila somo limegawanywa katika vijitabu 12, na kila somo lina rangi yake: manjano ni hisabati, nyekundu ni Kiingereza, buluu ni sayansi, kijani ni maarifa ya jamii. Mtoto husoma maelezo, hujibu maswali, hujisahihisha kwa kalamu nyekundu akitazama kitabu cha majibu, na mwisho wa kijitabu hufanya mtihani ambao lazima apate angalau asilimia 80 ndipo aendelee. Asipofikia hapo, hukirudia.

Kabla ya yote hayo hufanya jaribio la kumpima, ili ijulikane ameyaelewa mambo hadi wapi na mapengo yako wapi. Binti yangu alikuwa amemaliza Gredi ya 3 katika darasa lililokuwa na watoto zaidi ya sabini, na ripoti yake ilikuwa na maneno ya kutia moyo. Jaribio lilimrudisha kwenye hisabati ya mwaka wa pili. Nililia usiku ule, nami sioni aibu kuliandika jambo hilo, kwa kuwa najua mzazi mwingine anayeanza safari hii atakutana na karatasi kama ile, na atashawishika kuagiza vijitabu vya gredi ambayo mtoto alipaswa kuwapo badala ya gredi aliyopo. Mimi nilishawishika. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa njiani kuelekea Malaba, aliniambia kwa simu kwamba gari lenye mzigo halipandi mlima kwa gia ya juu, na kesho yake niliagiza vijitabu vya mwaka wa pili.

Saa kumi na mbili na nusu namwamsha binti yangu na mdogo wake wa miaka mitatu, wanakunywa uji wa wimbi, na yeye anafagia baraza. Wakati huo ndipo watoto wa jirani wanapita kwenda shule. Sare za wanne kati yao nimezishona kwa mikono yangu mwezi wa Desemba, na kila asubuhi binti yangu huwaangalia hadi wapinde kona ya duka. Zamani nilikuwa namwita ndani haraka ili asiwatazame. Siku hizi namwacha atazame, kisha aingie mwenyewe, kwa sababu kuwakumbuka wenzake si dhambi, na nyumba ambayo mtoto hawezi kusema kwamba amekumbuka shule si mahali pema pa kusomea.

Majirani huuliza, na wana haki ya kuuliza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Mzazi asianze jambo hili akidhani kwamba sheria haimhusu. Sisi tulimwendea naibu wa chifu wenyewe kabla hajasikia habari zetu kwa watu wengine, tukamweleza, nami naweka jalada lenye cheti cha kuzaliwa, matokeo ya lile jaribio, mitihani yote iliyosahihishwa, na daftari la mahudhurio ambalo nalijaza kila siku kama mwalimu wa darasa.

Saa mbili tunaanza kwa sala na kifungu cha kukariri. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maandiko tunayakariri kwa Kiswahili, kutoka Biblia ya Union ya 1952, kwa kuwa nataka ayakumbuke kwa lugha anayoiombea. Mwezi huu ni Zaburi 119:105, “Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu.” Leo aliniuliza, “Mama, kwa nini ni taa ya miguu na si ya macho?” Nikamkumbusha jinsi tunavyoshika tochi usiku stima ikipotea, tunapokwenda choo cha nje: huwa tunamulika macho ya nani? Alifikiri kidogo, akasema, “Tunamulika pale tunapokanyaga tu.” Sikuongeza neno.

Saa mbili na nusu ni hisabati, na hapo ndipo asubuhi yetu nyingi huishia. Leo alikuwa na 402 kutoa 178. Aliandika 376 bila kusita, na nilipotazama vizuri nikaona alichofanya: 2 kutoa 8 haiwezekani, basi akatoa 2 katika 8 akapata 6, 0 kutoa 7 haiwezekani, akaandika 7, 4 kutoa 1, akaandika 3. Hakuwa amebahatisha. Alikuwa na kanuni yake mwenyewe, aliyoitumia kwa uaminifu pengine kwa miaka miwili, kwamba katika kila safu namba kubwa hutolewa ile ndogo, na katika darasa la watoto sabini hakuna aliyepata nafasi ya kuiona.

Niliacha karatasi nikaenda kabatini kuchukua vifungo. Fundi wa sare hakosi vifungo vyeupe vya mashati, nami huvitunga kumi kumi kwenye uzi, kisha nafunga mia moja katika kimfuko. Nikaweka mezani mifuko minne na vifungo viwili vilivyo huru. Nikamwambia mimi ni mteja, nataka vifungo 178, na nataka vile vinane vya rejareja kwanza. Akanipa viwili, akatazama meza, akatafuta kamba ya kumi, hakuiona. Alikaa kimya kwa muda ambao mimi nilijizuia kwa nguvu nisiujaze kwa maelezo. Kisha akauchukua mfuko mmoja, akaufungua, akazipanga kamba kumi mbele yake, akaukata uzi mmoja, na vifungo vikamwagika hadi sakafuni. “Kumbe ile sifuri inapata tisa,” alisema akiwa amepiga magoti akivikusanya, “kwa sababu kumi moja nimeshaivunja!” Akarudi kwenye karatasi akapata 224. Akafanya hesabu nyingine tatu kwa vifungo na mbili bila vifungo, na saa nne ikatukuta bado hapo, kurasa mbili tu zikiwa zimekwisha katika zile tano alizojiwekea.

Baada ya chai na viazi vitamu tulikwenda kwenye Kiingereza, nami nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu jambo lililotokea leo ndilo ambalo hakuna aliyeniandalia. Katika mtaala huu mtoto ana kibendera mezani, hukiinua akihitaji msaada au ruhusa ya kwenda kujisahihisha, na kitabu cha majibu huwa mezani kwangu, upande wa pili wa chumba. Leo mdogo wake alikuwa akilia nje na nikatoka kwa dakika kama kumi. Niliporudi nikakuta ukurasa mzima umejibiwa kwa mwandiko safi. Swali la mwisho lilimtaka atunge sentensi tatu zake mwenyewe kuhusu mnyama anayempenda, na hapo, mahali pa mbuzi wetu ambaye humzungumzia kila siku, alikuwa amenakili maneno ya Kiingereza yaliyowekwa kwenye kitabu cha majibu kwa ajili ya msahihishaji, yanayosema kwamba majibu yatatofautiana.

Hasira ilinijia haraka. Nilikuwa na hotuba tayari, na aya za kuitia nguvu nilikuwa nazo pia. Lakini nilipomwangalia niliona kwamba macho yake hayakuwa kwenye ukurasa ule, yalikuwa kwenye kadi ya malengo iliyobandikwa ukutani, ile ambayo kila asubuhi huandika idadi ya kurasa na kuzikata kwa mstari zinapokwisha. Nikamuuliza polepole, “Mwanangu, ulikuwa unakimbilia nini?” Akasema kwamba hisabati ilimchelewesha, kwamba kadi ingebaki na namba ambazo hazijakatwa, na kwamba nikimwambia Bibi kuwa yuko Gredi ya 4 yeye anajua si kweli, kwa hiyo anataka kufika huko upesi ili iwe kweli.

Nilikaa chini. Ni kweli nilimwambia mama mkwe hivyo, mara mbili, kwa simu, mtoto akiwa anasikia. Nilijiambia kwamba kwa umri ni Gredi ya 4 na kwamba kumweleza mzee habari za majaribio na vijitabu kungekuwa kumchosha tu. Nilikuwa nimempa mtoto kitabu cha majibu nikimtaka aseme ukweli juu ya kazi yake, huku mimi nikinakili jibu zuri kila nilipoulizwa. Nilimwomba msamaha kwanza, kisha nikampa adhabu yake, kwa sababu kosa lake nalo lilikuwa kosa: ukurasa wote ulifutwa, naye akauanza upya. Sentensi tatu za mbuzi zilimchukua nusu saa. Ya pili ilikuwa na kosa la wakati uliopita, naye aliliona mwenyewe akalizungushia duara jekundu.

Mchana ni mfupi zaidi kusimulia. Sayansi ilikwenda vizuri. Saa nane, jua likiwa limekaza, hufunga vijitabu vyote kwa sababu mtaala wa Marekani hauna Kiswahili, wala hauna nchi yetu, na pengo hilo mzazi asilifumbie macho. Mimi huongeza saa moja ya insha, ngeli na kusoma kwa sauti, maana vijitabu hivi vinamzoesha mtoto kujaza nafasi zilizoachwa wazi kuliko kuandika ukurasa mzima wa mawazo yake. Historia tunaifanya kwa kutazama nje: mlima Sagalla, ambao mguu wake tunauona kutoka barazani, ulipata kituo cha wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, mwaka 1883, na mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipita nchi hii ya Wataita mwaka 1848 hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wasomi wa Ulaya walikataa kuiamini. Jambo moja la Kimarekani halikutusumbua hata kidogo. Vijitabu hupima kwa inchi, nasi mafundi tunapima kwa inchi tangu zamani, na utepe wangu una inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, hivyo binti yangu ameshika vipimo vyote viwili kwa kupima mabega ya mdogo wake.

Kuanzia saa tisa cherehani ni yangu na yeye ni wa watoto wenzake. Hucheza mchezo wa kati hadi giza linapoingia, na Jumatano na Jumamosi huenda kwaya ya watoto kanisani. Wanaoniuliza kama hatakosa marafiki nawaalika waje barazani kwangu saa kumi jioni.

Saa moja usiku, kimanga, chakula cha Kitaita, kikiwa motoni, nilimpigia mama mkwe. Baada ya shikamoo na habari za mvua ambayo haijanyesha, nilimwambia kwamba mjukuu wake yuko kwenye hisabati ya mwaka wa pili, kwamba nilimficha, na kwamba leo ameelewa kukopa katika kutoa. Alinyamaza. Kisha akaniuliza kama mtoto yuko karibu, nikampa simu, nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo: “Ndiyo, Bibi… mia nne na mbili… hapana, lazima ufungue mfuko kwanza.”

Saa mbili na nusu, baada ya baba yao kupiga simu kutoka Eldoret na kusali nao, alichukua kadi ya kesho ili aandike malengo. Mbele ya hisabati aliandika 6 kwa penseli. Akaitazama, akageuza penseli, akaifuta kwa kifutio hadi karatasi ikachakaa kidogo, akapuliza vumbi, akaandika 3.