Jinsi tulivyotunga igizo letu la kuimba la Krismasi

Mkesha wa Krismasi uliopita, kanisa letu la Kianglikana lililoko nje kidogo ya mji wa Dodoma liliigiza kuzaliwa kwa Bwana kwa nyimbo 11 ambazo hazikuwahi kuimbwa mahali pengine, kwa kuwa tulizitunga wenyewe. Nilipoanza kuulizauliza namna ya kulifanya jambo hili, karibu kila niliyemwendea alinishauri nitafute nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, waigizaji wafuatishe kwa midomo tu, na fedha zote ziende kwenye kukodi spika. Ushauri huo ulinipotezea mwezi mzima wa Septemba, na bado unaniudhi, maana watu wanaoimba sauti nne kila Jumapili hawana sababu ya kusimama mbele ya wenzao wakichezesha midomo.

Hadithi nilianzia zizini. Luka, katika sura ya 2, anasema mtoto alilazwa horini, na mtu aliyekulia kwenye tembe haelezwi hori ni nini, kwa kuwa nyumba ile ya paa bapa la miti na udongo huzunguka ua wa mifugo, na watu hulala wakiisikia ng'ombe ikicheua upande wa pili wa ukuta. Basi wachungaji wa kondeni, ambao katika maigizo mengi huingia mara moja na kupiga magoti, kwetu ndio waliobeba hadithi yote: wanakesha na kundi, mmoja wao akipiga zeze ili usingizi usimchukue, na yote yanayotokea tunayaona kwa macho yao. Walipofika kwa Yusufu na Mariamu hawakuanza kwa wimbo. Walisimama mlangoni wakasema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kama wageni wenye adabu, na kanisa zima likaitikia bila kuambiwa.

Wimbo wa malaika ndio uliotutesa. Niliutunga kwa sauti nne, nikauandika kwa herufi za d, r, m (do, re, mi) kwenye karatasi za manila, na kwaya ikaushika kwa majuma mawili. Siku tulipouimba mbele ya wazee wa kanisa, bibi mmoja aliyekaa benchi la mbele alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sauti ni tamu, lakini mmesema nini?" Nilirudi nyumbani nikaupitia wimbo silabi kwa silabi. Katika maneno "amezaliwa Mwokozi", sauti ya juu kabisa na ndefu kabisa nilikuwa nimeiweka kwenye "wa", kisha nyingine kwenye "zi", wakati kila anayesema Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: ame-za-LI-wa, Mwo-KO-zi. Nilikuwa nimetunga muziki kwanza, kisha nikayabana maneno ndani yake kama mtu anayelazimisha mguu kwenye kiatu cha mtoto.

Jumamosi iliyofuata niliwaita watoto wa Shule ya Jumapili uani, nikawaambia watembee kwa mduara huku wakiyasema maneno kwa sauti, wasiimbe, nami nikapiga kofi kila walipokazia. Baada ya kama nusu saa walikuwa wameanza kuyavuta maneno wenyewe, na msichana mdogo aliyekuwa mwisho wa mduara alipanda juu kwenye "li" kisha akashuka taratibu, kwa namna ambayo nisingeibuni nikiwa mezani. Nilichukua sauti yake kwenye simu, na hiyo ndiyo ikawa sauti ya kwanza ya wimbo. Zile tatu nyingine nilizijenga chini yake usiku huohuo. Nyimbo saba ambazo wakati huo zilikuwa bado hazijatungwa zote tulizipata kwa njia hiyo, na anayetaka kutunga kwa Kiswahili namsihi aanze na miguu na mdomo kabla ya kugusa kinanda.

Kuhusu mamajusi, tulikuwa na wanaume wengi waliotaka kuigiza, nasi tukawaweka saba. Mzee mmoja alipinga kwa uchungu kwamba mamajusi ni watatu. Nilimfungulia Mathayo sura ya 2, tukasoma pamoja polepole: zinatajwa dhahabu, uvumba na manemane, lakini idadi ya walioleta haitajwi, na tena wanamkuta mtoto nyumbani. Alifunga Biblia, akafikiri, kisha akaomba awe wa nane. Tukampa kubeba manemane.

Mabishano mengine yalikuwa juu ya ngoma za muheme, ambazo kwetu hupigwa na wanawake, maana wapo waliohofu kwamba zingeugeuza mkesha kuwa sherehe ya mavuno. Kasisi aliamua zipigwe, na akina mama walizipiga kwa heshima kubwa. Mavazi yalikuwa kaniki na vitenge vya watu wenyewe. Fedha tuliyotumia ilikuwa kama laki mbili na nusu, labda na kidogo, na nyingi ilikwenda kwenye mbao, chai na maandazi ya mazoezi.

Nyota ilikuwa taa ya kuchaji ndani ya umbo la waya na karatasi nyeupe, ikivutwa kwa mshipi juu ya kapi mbili kutoka mlangoni hadi juu ya hori. Mara ya kwanza ilikwama katikati ya kanisa, kwa kuwa fundo lilikuwa nene kuliko mfereji wa kapi; tulilikata tukafunga dogo zaidi.

Jambo ninalojivunia zaidi ni mpango wa mvua. Desemba ni wakati wa mvua Dodoma, na paa la bati likipigwa hakuna mwigizaji anayesikika, hata mwenye kipaza sauti. Kwa hiyo tangu Novemba tulifanya mazoezi ya kukatizwa: mvua ikianza, kila mtu asimame alipo, muheme ziingie, na wachungaji wacheze hadi itulie. Usiku ule ilinyesha Herode akiwa amekaa kitini, kabla hajafungua kinywa. Ngoma ziliingia, waumini wakapiga vigelegele kwa ajili ya mvua yenyewe, na baada ya kama dakika kumi, bati lilipokuwa likidondosha matone ya mwisho, Herode akainuka akaanza wimbo wake kwenye noti ileile tuliyomwachia.