Haraka ya haki na haraka ya lango

Nikiwaambia watu kwamba naongoza timu inayopima mionzi kwenye chakula, wengi hunipa pole, wakidhani tunashinda hatarini. Sampuli nyingi zinazotufikia hazina cha kututisha. Kinachonichosha ni simu ya mtu anayetaka majibu leo leo.

Wiki hii tulikuwa na uyoga mkavu wa porini. Seziamu-137, kitu chenye mionzi kinachotoka kwenye mitambo ya nyuklia, ikishatua msituni hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na uyoga huifyonza mwaka hadi mwaka. Hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, ndiyo maana ile ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ya mwaka 1986 bado inapatikana kwenye uyoga na nguruwe mwitu wa Ulaya. Isitoshe, uyoga ukikaushwa maji huondoka na seziamu hubaki, kwa hiyo kilo ya mkavu husoma juu sana kuliko ya mbichi. Japani uyoga mkavu hulinganishwa na kiwango kinachoruhusiwa katika hali ya kulowekwa, na naona ndiyo haki, maana hakuna anayeutafuna ulivyo.

Kijana wetu mpya ndiye aliyeandaa sampuli. Alisaga, akapima kwenye mizani, akashindilia kwenye kile chombo chenye shimo katikati kinachovikwa juu ya kigunduzi kama kofia, akagonga pembeni mpaka unga ukalala sawa kwenye mstari. Mstari ule ni muhimu: kimo kikibadilika, hesabu tuliyosanifishia mashine haifai tena. Akafunga mlango wa madini ya risasi, tukasubiri. Kilima cha kwanza kilichoinuka kwenye skrini, inayopanga mionzi kwa nishati yake, kilikuwa kwenye keV 1,461.

"Dada, mbona kimepanda hivi?"

Nikamwambia hiyo ni potasiamu-40, ya asili, imo karibu kwenye chakula chote na imo mwilini mwake pia. Seziamu aitafute kwenye 662. Huko palikuwa na mwinuko mdogo tu ambao bado haukusema kitu.

Hapo ndipo mwenye mzigo alipopiga simu. Gari limesimama langoni, anataka neno moja: salama au si salama. Namwelewa kabisa, lakini atomi huvunjika zinavyotaka, sisi tunazihesabu tu. Ukitaka shaka ya kipimo ipungue kwa nusu, uhesabu kwa muda mara nne. Hakuna bosi wa kuibadilisha hesabu hiyo. Nikamjibu kwamba mashine itakesha na sampuli yake.

Sisemi haraka ni mbaya siku zote. Ajali ya nyuklia ikitokea leo, maziwa hayangoji. Ayodini-131, nayo ya mionzi, hupungua kwa nusu kwa siku 8, na mwaka 1986 watoto wa Belarusi, Ukraine na Urusi waliinywa kwenye maziwa katika siku hizo hizo za mwanzo. Maelfu walikuja kupata saratani ya tezi ya shingo. Siku kama hiyo nitaamuru vipimo vya dakika chache, kwa sababu ukitafuta kitu kilicho juu mno, dakika chache zinatosha kukiona. Lakini kiwango cha Japani tangu Aprili 2012 ni bekereli 100 (yaani atomi 100 zinazovunjika kila sekunde) za seziamu kwa kilo kwa vyakula vya kawaida, 50 kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga, 10 kwa maji ya kunywa. Kuitafuta 10 kwa kipimo cha kukimbiza ni kumdanganya mlaji. Kuzitofautisha haraka hizi mbili ndiyo kazi yangu hasa, na nataka kila mtu kwenye timu aweze kuifanya hata nisipokuwepo.

Asubuhi majibu yalitoka, chini ya kiwango. Kijana aliandaa ripoti. Mwenye mzigo akaomba tuandike "sifuri". Nilifurahi kusikia kijana akimjibu mwenyewe, kwa upole, kwamba seziamu ilionekana, kiasi chake ni hiki na shaka yake ni hii. Na kwamba hata isingeonekana, tungeandika "haikugunduliwa" pamoja na kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ingeweza kukiona.

Kesho tunaanza maziwa yanayotakiwa kupimwa strontiamu-90. Hiyo nayo ina mionzi, lakini haitoi ya gama ambayo mashine hii huiona, lazima itenganishwe kwa kemikali, kisha tungoje kama wiki mbili itriamu-90 inayozaliwa nayo ijazane ndipo tuihesabu. Mteja nitampigia mwenyewe mapema, kabla hajaanza kuuliza.